Kiingereza Kinaahidi, Kiswahili Kinafukuza

Ukitaka kujua mji unakuonaje, soma kuta zake za mabati. Kisiwa cha Mombasa kina nyingi siku hizi. Anzia feri ya Likoni, elekea Liwatoni, pita Mbaraki hadi Ganjoni, na utakutana nazo bila kuzitafuta. Ndani mashine inanguruma na vumbi linapanda. Nje, upande wako wewe mpita njia, kuna picha na maandishi makubwa kuliko chochote utakachosoma siku hiyo. Herufi zina urefu wa mtoto. Picha ina upana wa lori.

Na hakuna anayeuhakiki ukurasa huo. Tunahakiki albamu, filamu, vitabu, hata vidio ya sekunde 15 ya mtu anayecheza jikoni kwao. Ukurasa mkubwa kuliko yote mjini tunaupita tu tukiwahi feri. Labda kwa sababu tunadhani ni tangazo, na tangazo halina la kusomwa. Mimi nadhani lina, tena sana. Chuo sikukimaliza na usanifu wa majengo sikusomea, lakini ukuta huu hauulizi cheti. Umewekwa barabarani usomwe, basi tuusome.

Ukuta wa kawaida wa mjengo una waandishi watatu. Wa kwanza ni kompyuta, aliyechora jengo ambalo bado halipo. Wa pili ni sheria, aliyeleta ubao wenye majina na namba. Wa tatu ni brashi, yaani yule fundi au nyapara aliyechukua kopo la rangi akaandika kwa mkono kwenye geti. Waandishi hao watatu hawakukaa pamoja wakapanga. Lakini ukisimama mbele ya kuta tano au sita, utaona wamegawana kazi kwa namna moja kila mara. Kompyuta inaandika Kiingereza. Sheria inaandika Kiingereza. Brashi inaandika Kiswahili. Kiingereza kimepewa kazi ya kuahidi, Kiswahili kimepewa kazi ya kufukuza.

Fikiria maneno yenyewe. Juu kule kwenye picha utasoma habari za kifahari, za maisha mapya, za mandhari ya bahari, na jina la jengo lenye neno kama Heights, Point au Residences. Chini kwenye geti: HATARI. HAKUNA NJIA. USIKOJOE HAPA. HAKUNA KAZI. Kwenye mwambao huu huu ambao watu hujisifu kuwa ndio nyumbani kwa Kiswahili, lugha yenyewe imeachiwa kazi ya askari wa getini.

Tuanze na kompyuta, maana ndiyo inayopiga kelele zaidi. Picha ya jengo ambalo halijajengwa ina kanuni zake, kama taarabu ilivyo na zake. Kamera huwa juu kidogo, mahali ambapo hakuna binadamu anayeweza kusimama. Jua ni la saa kumi na moja jioni, lakini hakuna mtu anayetoka kazini. Anga ni safi, haina hata waya mmoja wa umeme, na nani ameona anga ya Mombasa isiyo na waya? Barabara ni nyeusi tii, haina shimo wala maji yaliyotuama. Miti imepangwa kwa mstari, na hakuna hata mmoja wa kuuita mwembe, mkungu au mwarobaini.

Halafu kuna watu. Watu wa picha hizi hupatikana mtandaoni kwa mafungu, wameshakatwa pembeni tayari kubandikwa. Kuna mama anayesukuma kigari cha mtoto. Kuna kijana aliyevaa suti na kompyuta ya mkononi. Kuna wawili wanaokimbia mazoezi, weupe mara nyingi. Sasa tafuta buibui. Tafuta kanzu. Tafuta hamali na mkokoteni wake, mama wa viazi karai, mzee wa kahawa na dele lake, tuktuk iliyosimama vibaya, bodaboda watatu wanaongoja abiria chini ya kivuli. Hawapo. Mtaa uleule, kona ileile, ila wenyewe wameondolewa kama vumbi kwenye lenzi.

Mtu atasema, ah, ni picha tu bana. Lakini hebu pima hivi. Kwenye picha, kumweka mtu ni bure. Kumwongeza mama wa viazi hakuhitaji saruji, hakuhitaji ruhusa ya kaunti, hakuongezi kodi. Ni kubonyeza mara mbili. Kama ameachwa nje pale ambapo nafasi haina gharama, utaniambia atakaribishwa pale ambapo kila futi ina bei? Ndiyo maana mimi naisoma picha hii kama orodha ya walioalikwa. Haijakosea kutuchora. Inasema ukweli kuhusu inayemtarajia.

Mwandishi wa pili, sheria, ana sauti ndogo. Kenya ina Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na kila mjengo rasmi unapaswa kusajiliwa na kuweka ubao unaotaja mradi ni wa nani na wahusika ni kina nani: mwenyewe, msanifu, mhandisi, mkandarasi. Kiuchoraji ubao huu ni mbaya. Herufi zimebanana, rangi haina mpango, na mara nyingi umepigwa misumari juu ambako huwezi kuusoma bila kukunja shingo. Hata hivyo, ndio maandishi pekee kwenye ukuta mzima yenye uzito. Ile picha ya jua la jioni huwezi kuipeleka mahakamani. Ubao unaweza. Ukuta wa jirani ukipasuka, mchanga ukiziba mtaro wenu, mashine ikipiga kelele saa saba za usiku, huu ndio unaokwambia umtafute nani.

Kwa hiyo angalia uwiano. Ahadi isiyomfunga mtu imechapishwa kwa upana wa lori. Majina ya watu wanaoweza kuwajibishwa yametoshea kwenye ubao wa ukubwa wa mlango wa choo, tena kwa lugha ambayo mama mwenye mtaro ulioziba huenda haisomi vizuri. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na inakiweka sawa na Kiingereza kama lugha rasmi. Kwenye ubao usawa huo haupo. Sisemi kuna njama. Nasema hakuna aliyewahi kuulizwa swali, na palipokosekana swali ndipo mazoea hugeuka kuwa sheria.

Sasa brashi. Huyu mimi ndiye ninayemheshimu kuliko wenzake wawili, ingawa ndiye anayenifukuza.

HAKUNA KAZI. Maneno mawili, silabi tano, na hakuna nukta. Herufi zimeanza kubwa zikamalizikia ndogo kwa sababu geti liliisha kabla ya sentensi. Rangi imechuruzika chini ya Z. Kama kazi ya mkono ni nzuri kuliko ile picha, kwa sababu imeandikwa na mtu aliyesimama hapo kwa ajili ya mtu atakayesimama hapo. Haikwambii samahani. Haikwambii rudi Jumatatu. Imejibu kabla hujauliza, maana yake aliyeandika alijua kwamba utakuja: kijana, asubuhi na mapema, viatu vimeshavaliwa vya kazi, nguo za kubadilisha kwenye mfuko wa plastiki. Kati ya maandishi yote ya ukutani, hili peke yake linajua wewe ni nani.

Na ndipo panapouma. Mahali pekee mtaani ambapo macho yako yanaona kazi, saruji ikichanganywa, vyuma vikikatwa, watu wa mkono wakipanda na karai begani, ndipo palipoandikwa hakuna kazi. Kila mmoja wetu anayesoma gazeti hili ana binamu aliyegeuzwa na geti kama hilo, au amegeuzwa mwenyewe. Tumelizoea mpaka limekuwa mzaha. Lakini kama ungelisoma kwenye kitabu cha hadithi, ungesema mwandishi ametia chumvi.

Brashi ina ndugu mwingine unayemjua: X nyekundu. Alama hii imeenea Kenya nzima. Inachorwa ukutani na mamlaka za barabara, za reli, za ujenzi, na maana yake ni kwamba jengo lako limehukumiwa. Kama mchoro wa hadharani, sijui mwingine wenye nguvu kiasi hicho kwa mistari miwili. Lakini hata X inaweza kuzoeleka. Aprili 2016, ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua, na watu karibu 50 wakafa. Ilielezwa baadaye kuwa jengo lile lilikuwa tayari kwenye orodha ya kubomolewa. Onyo lilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kulitekeleza. Maandishi ya ukutani si uchawi. Yanafanya kazi pale tu ambapo kuna mtu analazimika kuyatii.

Turudi Liwatoni, kwa sababu kipande hiki cha pwani ya kisiwa kina hadithi mbili za ujenzi zinazofaa kusomwa pamoja. Zote ni za daraja.

Kivuko cha Likoni huvusha watu zaidi ya laki tatu kwa siku. Hiyo ni namba inayotajwa kila mwaka, na anayevuka saa kumi na mbili asubuhi haihitaji, anaihisi mbavuni. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya MV Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka MV Harambee, likazama na mama na binti yake mdogo, na likachukua karibu wiki mbili kutolewa majini huku nchi nzima ikitazama. Kwa mtu wa Likoni, daraja si suala la mandhari.

Daraja la kwanza lilikuja karibu bila picha. Mwaka 2020, mwaka wa korona, serikali ilitaka kupunguza msongamano wa feri haraka. Kampuni ya China Road and Bridge ikaunganisha daraja la kuelea la waenda kwa miguu kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, upande wa Likoni, kwa takriban shilingi bilioni 1.9. Rais Uhuru Kenyatta akalifungua Desemba, na mwanzoni mwa 2021 watu wakaanza kulivuka. Lilikuwa la muda, la chuma, lenye sehemu ya katikati iliyofunguka kupisha meli, na halikuwa zuri. Watu walilalamika kuwa ni refu, kuwa jua ni kali, kuwa likifungwa unabaki umekodoa macho. Lakini ulilalamika ukiwa juu yake. Kitu ulichokanyaga unaweza kukikosoa kwa miguu.

Daraja la pili ni Mombasa Gate, lile la kudumu, la magari, lililopangwa kuunganisha kisiwa na Likoni kwa mkopo wa Japani kupitia shirika la JICA. Hilo tunalifahamu sote kwa sura: minara, nyaya zilizotandazwa kama nyavu za jarife, maji ya buluu chini, meli inapita bila kuinamisha kichwa. Picha yake imezunguka miaka mingi kwenye magazeti, kwenye simu, kwenye hotuba. Imezunguka kiasi kwamba kuna watoto wa Likoni walioanza shule na kumaliza wakiwa nayo. Na picha hiyo, kama zote, imechorwa kutoka angani. Hakuna anayelitazama daraja kutoka kwenye nyumba itakayopaswa kupisha nguzo.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama. Daraja la kuelea lilikuwa kitu bila picha, tukalitukana tukilitumia. Daraja la Gate ni picha inayongoja kitu, na picha haina mahali pa kupeleka lalamiko. Haichelewi, kwa sababu haina tarehe. Haivunji ahadi, kwa sababu haikusema lini. Inapendeza tu, mwaka baada ya mwaka, na wewe unaendelea kusukumana kwenye rampu ya feri.

Usidhani basi kwamba picha ni hewa. Mombasa yenyewe ingekuonya. Zile pembe za Moi Avenue, nembo ya mji kwenye kila kadi na kila fulana ya mtalii, zilianza miaka ya 1950 kama mapambo ya barabarani ya kukaribisha familia ya kifalme ya Uingereza. Pambo la mgeni likageuka kuwa sura ya mwenyeji. Kitu kikubwa kikisimama barabarani muda wa kutosha, watu huacha kuuliza nani alikiweka na kwa nini.

Mfano mkubwa zaidi uko Berlin, Ujerumani, na ni mfano wa turubai. Kasri la wafalme wa Prussia lilikuwa limebomolewa 1950 na serikali ya Ujerumani Mashariki, na kwenye uwanja huo likajengwa jumba la Jamhuri, lililofunguliwa 1976. Mwaka 1993, baada ya nchi kuungana, kundi la wapenzi wa kasri lilisimamisha majukwaa ya chuma mahali palepale na kuyafunika kwa turubai iliyochorwa uso wa kasri kwa ukubwa wake kamili. Ilikuwa rangi juu ya kitambaa, basi. Lakini watu wa Berlin walipita wakaona kasri limerudi. Mjadala uliokuwa wa wazee wachache ukawa wa mji mzima. Mwaka 2002 bunge likapiga kura kasri lijengwe upya. Kati ya 2006 na 2008 jumba la Jamhuri, jengo halisi la chuma na zege, likabomolewa. Leo kasri limesimama, jipya, lenye uso wa zamani, na ndani yake kuna makumbusho.

Kwa hiyo turubai ilibomoa jengo. Kuna wanaofurahi na kuna wanaosikitika mpaka leo. Kwangu mimi kilicho muhimu ni kwamba turubai ile iliwekwa kabla ya uamuzi. Watu walipewa nafasi ya kuitazama, kuipenda, kuichukia, na kubishana. Hapa kwetu picha huja baada ya uamuzi. Ikifika ukutani, mabati yameshafungwa.

Buxton ni mfano wa karibu. Mtaa ule wa kaunti hapa kisiwani, nyumba zaidi ya 500, ulibomolewa kuanzia 2021 ili kupisha maghorofa mapya ya kuuzwa, kwa ubia wa kaunti na mwekezaji binafsi. Wapangaji walikwenda mahakamani na mradi ukaendelea. Kuna wanaosema nyumba zile zilikuwa zimechakaa, na ni kweli zilikuwa zimechakaa. Kuna wanaosema walizaliwa pale, na hilo pia ni kweli. Mimi nitazame ukuta tu. Jina jipya lililopigwa chapa ni Buxton Point. Buxton tunaijua. Neno lililoongezwa, Point, linamwambia nani nini? Halimwambii aliyekuwa akiishi pale, yeye alipajua bila neno hilo. Ni neno la kumwita mgeni.

Najua jibu la watu wa matangazo, nimewahi kuwaandikia vibarua viwili vitatu. Watasema Kiingereza ndiyo lugha ya mnunuzi, na Kiswahili hakiuzi. Lakini hilo halisimami hata dakika moja. Bidhaa iliyoenea kuliko zote nchini tangu 2007 inaitwa M-Pesa, na haikuhitaji neno la Kiingereza kuingia kwenye mfuko wa mama mboga. Kampuni za simu, za sabuni, za unga, zote hutuongelesha Kiswahili, na mara nyingine Kiswahili kitamu, zinapotaka shilingi zetu ishirini ishirini. Kiswahili kinauza. Ukuta wa mjengo unaongea Kiingereza kwa sababu hauuzi kwetu. Lugha yake inatenganisha mteja na usumbufu, na wewe unajua umewekwa upande gani kwa kuangalia ni sentensi ipi iliyoandikwa kwa lugha yako.

Wengine wana suluhisho jepesi: tuwaite wachoraji wa mtaani wapake mabati rangi, tupate samaki, majahazi, milango ya Mji wa Kale. Itapendeza. Nina marafiki wachoraji na ningependa walipwe. Lakini tuwe macho. Mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na pambizo za buluu, na mji ukang'aa kwenye picha. Mabomba ya maji yaliyokauka yaliendelea kukauka nyuma ya rangi hiyo. Jahazi lililochorwa vizuri juu ya mabati linaweza kuwa pazia zuri kuliko picha ya kompyuta, na likabaki pazia. Kama haliniambii ni nini kinajengwa, cha nani, na mpaka lini, limenipamba macho na kuninyima habari.

Na si kwamba hatuna mfano wa kufuata. Tunao, tena umefungwa kiunoni. Nenda Biashara Street, kwenye duka linalouza kanga tangu 1887, utandue moja. Kanga ni mchoro mkubwa wa hadharani. Ina pindo, ina jina, na ile sehemu ya katikati inaitwa mji. Kila mtengenezaji wa kanga anajua kwamba pindo na mji havitoshi, kwamba nguo bila jina imekosa kitu. Jina ni la Kiswahili, fupi, na linamlenga mtu: jirani, mume, wifi, mwenye wivu. Anayelivaa anajibika kwa alichovaa. Ukinipita na jina la kunichokoza, nitakuuliza.

Ukuta wa mabati una pindo na una mji. Haujapewa jina. Ningependa upewe, na sidai ushairi. Nadai mambo matano, kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka na mtu anayetembea, kwenye usawa wa macho: ni nini kinajengwa, ni cha nani, kilianza lini, kitaisha lini, na ukiwa na lalamiko umpigie nani. Mambo mengi kati ya hayo tayari yanatakiwa kwenye ubao ule mdogo, kwa hiyo hakuna siri inayovujishwa. Yashushwe tu, yakuzwe, yatafsiriwe. Na la sita, kwa ajili ya picha: iandikwe tarehe iliyochorwa. Maziwa yana tarehe. Mkate una tarehe. Picha ya maisha yangu ya baadaye haina?

Kwa sasa tarehe hiyo tunaandikiwa na jua. Wino wa mabango haupauki sawasawa. Manjano na nyekundu hutangulia kufifia, buluu na nyeusi hubaki. Ndiyo maana bango la zamani hugeuka buluu buluu: nyasi zinakuwa za bahari, jua la jioni linakuwa la baridi, na yule mama wa kigari anapata sura ya mtu aliyekaa majini muda mrefu. Kisha kusi inavuma na kuchana pembe. Ukipita mbele ya picha iliyofikia hapo na ndani hakuna mashine inayonguruma, umeshausoma mradi wote, na hukuhitaji msemaji wa mtu yeyote.

Kwa hiyo utakapopita Liwatoni, au popote ulipo, Kisauni, Tudor, Changamwe, usiishie kwenye picha. Tafuta ubao. Kunja shingo, soma jina la mkandarasi kwa sauti, piga picha namba ya usajili. Angalia rangi ya anga kama imeanza kupauka. Kisha soma lile geti, na ujiulize kwa nini ahadi ziliandikwa kwa lugha moja na amri kwa nyingine. Mjengo wowote unaoweza kutuambia kwa Kiswahili safi kwamba hakuna kazi, unaweza pia kutuambia kwa Kiswahili hichohicho kazi inayofanyika humo ni ya nani.